Mashada ya Mlangoni

Nikiona jukwaa limepambwa kwa majani ya migomba, damu inanichemka mpaka leo. Miaka ya sabini, tulipohamishwa kwa nguvu kwenda kijiji kipya huku Kasulu, mama alirudi kwa miguu kwenye kihame chetu, akachuma majani makavu ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Akayasuka mashada, akayatundika mlangoni, kwenye nyumba ambayo udongo wake ulikuwa bado mbichi. "Angalau mlango unukie kama kwetu," alisema.

Asubuhi moja akaja mwenyekiti wa kijiji, jirani yetu wa zamani aliyekula sana ndizi za migomba hiyohiyo. Wala hodi hakupiga. Akayang'oa mashada yote, kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anakuja kutoka mkoani na jukwaa lilikuwa tupu. "Huu ni mchango wako, mama," akasema huku anaondoka.

Mkubwa akapanda jukwaani, akayashikashika mashada ya mama, akatabasamu. "Ndugu wananchi, watu waliohamishwa kwa nguvu hawapambi hivi!"

Mwenyekiti akawageukia wanawake, akadai vigelegele. Mama yangu akavipiga.

Jioni tuliingia ndani kwa mlango ulionuka udongo mbichi.