Makaa Yasiyo na Moshi

Mjukuu wangu alikuwa na miezi minne tu na tayari alishalazwa mara mbili kwa nimonia. Mara ya pili daktari akatuita, mimi na binti yangu, akasema kifua cha huyu mtoto ni dhaifu, asivute moshi kabisa. Nikamwambia, daktari, huyu hata meno hana, sigara ataibana na nini? Hakucheka. Madaktari wa siku hizi hawachekeshwi na kitu. Yule wa kwetu Bukavu zamani alikuwa anakudunga sindano huku anakuimbia, na makalio yanauma kidogo tu. Huyu akahesabu kwa vidole: moshi wa jiko, moshi wa dawa ya mbu, moshi wa takataka. Na asipatwe na baridi. Akilazwa mara ya tatu, akasema, mimi siahidi kitu.

Binti yangu anaosha nywele za watu saluni huko Ntinda, anatoka asubuhi anarudi jioni, na mtoto anabaki na mimi. Tulipotoka hospitali akanishika mkono. "Mama, mimi nina huyu mmoja tu." Mimi nilizaa saba, na baba zao, ah, hiyo si habari ya leo. Nikamwambia moshi hautamgusa.

Ahadi ya namna hiyo usiitoe kama unaishi mtaa wa mabanda kama huu wetu wa Bwaise. Tunapanga muzigo, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba sita, na ukuta wa kati haufiki kwenye bati, kwa sababu mwenye nyumba aliyabania matofali. Juu kuna mwanya wa kupita paka, na paka anapita. Anachokaanga jirani unakinusa, anachoota unakisikia, na akishakula maharagwe, Mungu ni shahidi, unasali ukiwa umeshika pua.

Jirani yangu wa kushoto ni Mkenya mmoja mnene anayekaanga chapati mlangoni pake tangu alfajiri. Sigiri yake, jiko lake la makaa, ni pana kama beseni la kuogea, na anaiwasha kwa mifuko ya nailoni na kandambili zilizokatika. Mimi ananiita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Nikamwendea siku ileile.

"We baba, moshi wako unaniulia mtoto."

"Shosho, ni wangu peke yangu? Si safu yote inapika?"

"Safu yote haichomi kandambili."

"Zinashika moto haraka. Watu wanataka chapati saa kumi na mbili. Nichome nini, Biblia?"

"Choma suruali yako, ina mafuta ya kutosha."

Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Kesho yake akachoma kandambili.

Basi nikajitegemea. Sigiri yangu nikaitoa nje, nikawa napikia barazani. Dawa ya mbu nikaitupa, tukabaki na chandarua. Kisha nikapanda juu ya meza, na magoti yangu haya, nikauziba ule mwanya wote kwa magunia na nguo kuukuu. Hata gauni la ndoa yangu ya pili liliingia huko, na lilifanya kazi kuliko yule mwanaume. Dirisha nikalibandika nailoni. Chini ya mlango nikakunja blanketi. Binti yangu aliporudi akavuta pumzi ndefu. "Mama, hakuna harufu!" Wiki mbili mtoto hakukohoa hata mara moja, na mimi nikawa natembea kwenye ile safu kama askofu.

Halafu mvua ikaja, mchana. Mvua ya Bwaise inautoa mtaro ulipo na kuuleta mlangoni kwako, pamoja na viatu vya watu usiowajua. Nikamshika mtoto miguu, ya baridi. Nilikuwa nimetoka kuivisha maharagwe barazani na makaa yalikuwa yamekolea, mekundu kabisa, hayana hata uzi wa moshi. Nikainama nikanusa. Hamna kitu. Nikasema moyoni, moshi umekwisha, umebaki moto, na moto daktari hakuukataza. Nikaingiza sigiri ndani, nikafunga mlango, nikarudisha blanketi langu chini. Nilijiona nina akili sana, nisiwadanganye.

Nikakaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, nikaanza kumsimulia. Mimi husimulia kutwa, hata msikilizaji akiwa ukuta. Nilikuwa kwenye habari za babu yake alivyotumbukia kwenye shimo la choo akiwa na koti la kuazima, na kilichomuuma ni koti. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikafikiri ni mvua. Miguu ikawa mizito. Mtoto alikuwa ametulia, amelegea vizuri, na mimi nikafurahi kwamba ametulia. Hapo ndipo panaponitesa mpaka leo. Nilifurahi.

Mlango ukapigwa teke.

"Shosho! Unaniskia?"

Nilimsikia, ila mdomo ulikataa. Mkenya akaona sigiri, akaishika na kanga yangu, akaitupa kwenye maji ya mafuriko, ikalia chwaa. Akamchukua mtoto, akanirudia mimi, akaniburuta kwa kwapa kama gunia la viazi. Pale barazani nikaona kichwa cha mtoto kinaning'inia. Jirani akampuliza usoni, akamsugua mgongo kwa mikono yenye unga. "Lia, bosi. Lia. Hata tukana." Mtoto akamtapikia kifuani, kisha akalia, kilio kibaya kama cha mbuzi. Na mimi nikatapika kumsindikiza.

Nilipopata sauti nikamuuliza alijuaje.

"Ulinyamaza," akasema. "Miaka minne niko hapa, haujawahi kunyamaza. Nikasema shosho amekufa, ama amepata mwanaume."

Tulivuka maji kwenda zahanati, mtoto akiwa amelazwa begani kwake. Njiani akanieleza kwamba makaa hata yakiwa mekundu yanatoa hewa ya kuua, na haina harufu. Kwao walinzi wawili walijifungia nayo kibandani, hawakuamka. Muuguzi akamwekea mtoto hewa ya mtungi.

Binti yangu akaja mbio, nywele za wateja bado zimemganda kwenye aproni. Mkenya akaninong'oneza, "Sema ni baridi tu." Na kudanganya ninajua, waulize wale wanaume. Lakini nikamwambia yote, magunia, blanketi, sigiri.

Hakupiga kelele. Akauliza, "Alikuwa amelala, au alikuwa amezimia?"

"Sijui."

Kesho yake hakwenda kazini. Alipanda mezani, akachomoa magunia moja moja, akawa ananipa bila kunitazama. Mwanya ulipofunguka tukamsikia Mkenya anaburura sigiri yake kuipeleka mwisho wa safu, na kwa siku kadhaa aliiwasha kwa vijiti vikavu, huku anawatukana wateja waliolalamika kuchelewa.

Siku tatu binti yangu alimbeba mtoto akaenda naye Ntinda. Sikumwuliza. Siku ya nne mvua ilikuwa inanyesha tena. Akamvalisha mtoto sweta mbili na soksi tatu, akamfunga mgongoni kwangu, akakaza kitenge kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, mlango."

"Uko wazi."

Akafika barabarani, akarudi. Akautazama mlango, akaweka sikio mgongoni kwangu, akasikiliza pumzi za mtoto mpaka akatosheka. Kisha akaenda.