Jua la Kitale Ukumbini Bungoma

Siku yangu ya kwanza kwenye kikundi cha maigizo ya nyimbo, hapa Kitale, nilifika na brashi na makopo ya rangi. Nilikuwa nimechora mabango ya maduka miaka mingi, nikadhani nimeitwa kupaka pazia la jukwaa. Mkurugenzi, kijana wa umri wa mwanangu, akanipa kompyuta na kalamu isiyo na wino. "Mama, rangi ziko humo ndani," akasema. Nilicheka, nikaweka makopo yangu chini.

Nyinyi mnaoanza sasa mnakuta mengi tayari. Sisi tulichora kwa tabaka: anga peke yake, mlima peke yake, ukungu peke yake, ili projekta ikivitupa ukutani, ukungu usogee na mlima utulie. Tena kila picha ina ishara yake, neno la wimbo ambalo mwimbaji akilifikia unabonyeza kitufe ili picha itokee. Ukichelewa, mvua ya harusi inanyesha wageni wameshaenda zao.

Mchezo wetu mkubwa ulihusu binti wa Kapsokwony, kule mlimani, aliyeolewa Bungoma. Mwishoni anautazama mlima wa kwao jioni na kumwimbia mama yake. Nikachora jua likizama nyuma ya mlima, jinsi ninavyoliona kila siku kutoka mlangoni pangu, mtaa wa Tuwan hapa Kitale. Kitale walishangilia mpaka basi.

Tukielekea Bungoma, Mkurugenzi akaniambia, "Mama, wakizikataa picha huko, tunarudia pazia la kupakwa rangi." Pazia lilikuwa na mchoraji wake. Mimi ningerudi kwa mabango, na kazi hii nilishaipenda kupita kiasi.

Ukumbi ulijaa. Jua langu likaanza kuzama, na mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Ati jua? Si mlima uko kaskazini? Imeanza kuzama huko lini, bana?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kumbe ukiwa Bungoma, jua halizami mlimani hata siku moja. Nilitamani ardhi inimeze.

Chebet, mwimbaji wetu aliyeigiza yule binti, akakatiza wimbo, akamgeukia yule mama. "Mama, si nimeolewa Kitale," akasema polepole. "Kila jioni naona jua likirudi kwetu, na mimi nabaki." Akaendelea na wimbo. Kicheko kikaisha, na yule mama akajifuta macho kwa leso.

Mkurugenzi akanijia pale kwenye projekta. "Usiguse hilo jua," akaninong'oneza. Tangu hapo binti wa mchezo wetu akawa ameolewa Kitale, nami nikabaki kazini mpaka nikastaafu.

Vijana huja kuniuliza programu ipi ya kuchorea ni bora. Nawauliza kwanza watazamaji wao wanakaa upande gani wa mlima. Wakishaondoka, nakaa mlangoni, na jua likigusa mlima, kidole changu kinabonyeza goti chenyewe.