Lami ya Zamani Kwenye Kilima Chetu

Mvua ikinyesha, lori la majani chai lilikwama kwenye kilima chetu. Majani yaliyolala kwenye kituo cha kupimia yaligeuka mekundu, na majani mekundu kiwanda hakikuyataka. Tuliyamwaga kando ya njia, tukarudi nyumbani na vikapu vitupu.

Kwa hiyo barabara kubwa ya Litein ilipokuwa ikitengenezwa upya, wanaume walimwendea nyapara wakamwomba lami ya zamani iliyokuwa imebanduliwa.

"Chukueni," alisema. "Bado iko na nguvu. Mkiipasha moto itashikana. Lakini chimbeni mtaro kwanza. Maji ikiingia chini, mmechoma kuni bure."

Mume wangu aliibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka katika ndoa. Waliivunja kwa nyundo, wakaipasha moto kwenye mapipa yaliyokatwa, kuni zikiwa matawi ya chai iliyopogolewa, kisha wakaitandaza na kuishindilia kwa magogo. Nilimtania kwamba ananuka barabara, akalale na ng'ombe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mtaro ulikuwa upite ukingoni mwa shamba la baba yake, na mstari mmoja wa chai ulipaswa kung'olewa. Mzee aliipanda chai hiyo kwa mikono yake, akaingoja miaka kabla ya kuichuma. Alisimama mbele ya mstari akiwa na panga.

"Mimi siwezi kung'oa chai yangu ndio maji ipite," alisema.

Watu walimheshimu, wakarudi kwenye mapipa yao. Mume wangu naye hangeweza kubishana na baba yake mbele ya watu. Lami ikamaliziwa bila mtaro.

Kiangazi chote lori lilipanda bila taabu. Masika yalipoanza, maji yaliingia chini, lakini hakuna aliyejua, maana juu lami ilibaki nyeusi na safi. Lori likipanda na mzigo, mwanamume mmoja alilifuata na gogo, aliweke nyuma ya gurudumu likianza kuteleza. Siku moja zamu ilikuwa ya mume wangu. Lami ilimeguka chini ya gurudumu, lori likarudi nyuma. Aliliweka gogo kama kawaida. Lori lililipanda gogo, likampanda na yeye.

Majani ya siku hiyo yaligeuka mekundu pia.

Baada ya mazishi, mzee aliingia shambani na jembe akaung'oa mstari ule peke yake. Shina la chai halitoki kirahisi. Nilisikia jembe likigonga mizizi mpaka jioni, na sikumpelekea hata maji ya kunywa. Nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo.

Mtaro ulipokwisha kuchimbwa, wanaume walikusanya vipande vya lami ile ile, wakavipasha moto tena. Safari hii ilishika.

Mvua ilipozidi nilikuwa nikichuma chai ukingoni, kwenye mstari ambao zamani ulikuwa wa pili. Lori lilipita limejaa, likapanda kilima chote, na nyuma yake hapakuwa na mtu.