Chini ya Meza ya Madhabahuni

Jumapili ile nilisimama kanisani kwetu Matongo kutoa ushuhuda, lakini akili bado ilikuwa inaelea Japani nilikohubiri miaka saba. Waumini niliwaona kwa mbali, kama watu wa ndotoni. Nikawaambia taratibu, "Wapendwa, msiogope chochote."

Hapo sakafu ikatetemeka.

Japani nilizoea: ardhi ikitikisika, unaingia chini ya meza. Basi mtumishi mzima, na suti yangu, nikajikunyata chini ya meza ya madhabahuni, macho nimefumba, nikisubiri ukuta uanguke. Haukuanguka.

Mama yangu akafunua kitambaa cheupe, akachungulia.

"Toka, baba. Wanalipua mwamba kule mgodi wa dhahabu, tumeshazoea. Ulikuwa unasema tusiogope nini?"