Kisanduku Nilichomwambia Akiache

Binti yangu husimamia zamu za maji huko Kimana. Mimi, mwalimu wa kompyuta niliyestaafu, ndiye niliyemwandikia programu inayowatumia wakulima ujumbe: kesho alfajiri mfereji ni wako, usichelewe. Niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, miaka mingi iliyopita, na haikuwahi kusumbua. Nasema hivyo kwa majuto, si kwa majivuno. Programu isiyosumbua haimfanyi mtoto ampigie mamake simu.

Basi huduma ya ujumbe ilipokataa toleo la zamani la Python, mimi hapa Noonkopir nilifurahi. Alinipigia siku hiyo hiyo. Kwanza nililijaribu toleo jipya kwenye kompyuta yangu ya Linux. Nililiweka kando ya lile la zamani bila kulifuta, maana mashine yenyewe hulitegemea, na ukilitoa unaweza kubaki na skrini nyeusi. Yake ni Windows. Huko unapakua faili, unabofya, na dirisha la kwanza linapofunguka, chini kabisa kuna kisanduku cha kutia tiki. Usipokitia, kompyuta huendelea kuita lile la zamani kana kwamba hukufanya kitu.

Akaniuliza kama akitie tiki. Nikamwambia akiache.

Nilijua ninachofanya. Nilitaka apige tena kesho. Tangu baba yake afariki, kuna siku natoka kwenda kununua sukuma wiki nisiyoihitaji, ili tu mama wa kibanda aniulize nimeamkaje.

Kesho yake akapiga kweli. Nikamwuliza maswali yasiyo na haja, tukazunguka weee, nikaisikia sauti yake karibu saa nzima. Siku iliyofuata pia. Wala sikuufikiria mfereji. Siku ya tatu akaniambia kwamba alikuwa akiwatumia wakulima ujumbe mmoja mmoja kwa simu yake, akamruka mama mmoja mzee. Maji yalipita yakaenda kwa jirani, na vitunguu vya yule mama vitakaa vikavu hadi zamu irudi wiki ijayo. Mama huyo alifika ofisini, akakaa kwenye benchi, hakugomba hata kidogo.

Njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa ya siku tatu. Kwa aibu nikamwambia aliondoe toleo jipya, alisakinishe upya, na safari hii akitie tiki kile kisanduku.

"Mama, hiyo kaboksi ulijua?"

"Nilijua."

Nikamweleza kwa nini. Nilimsikia akivuta kiti.

"Si ungenipigia tu," akasema. "Ningeshika."

Ujumbe ulianza kutoka dakika chache baadaye. Akasema watu wanamngoja, tukaagana. Sasa ni miezi mitano. Kila jioni naifungua namba yake, naitazama, na bado sijui akishika nitasema nimepiga kwa ajili ya nini.