Mibono ya Mpakani

Kaka yangu alinipigia simu akiwa Nanganga, basi limesimama abiria wanunue mihogo ya kuchoma, akaniambia nimwambie mama kwamba mwaka huu asihangaike kutafuta watu wa kufyeka shamba. "Nakuja na mashine," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta mchumba nyumbani. Nikamjibu, karibu kaka, safari njema, na moyoni nikasema haya, tutaona.

Watu wananiambia niachane na habari hii, ilishakwisha, mama yupo, mikorosho ipo. Sawa, imekwisha. Lakini hasira ninayo bado, na kwa kuwa ni yangu nitakaa nayo nipendavyo.

Shamba lenyewe liko Kitangari. Mama alipewa na mama yake, maana kwetu ardhi inafuata wanawake. Ila watu wakija kuuliza habari za ardhi, anayesimama kujibu ni kaka mkubwa, mjomba wa watoto wetu. Sasa huyu kaka yangu ni mtu wa ofisini, mbali huko, anakuja likizo na shati limechomekwa, anakaa siku chache, anakula kuku wetu, anaondoka. Shamba analijua kwa picha ninazomtumia kwenye simu.

Kila mvua zikiisha, chini ya mikorosho panakuwa pori. Korosho zilizosahaulika msimu uliopita zinaota miche isiyo na kazi, visiki vya miti ya porini vinachipua, vichaka vinafunga njia. Lazima usafishe kabla korosho hazijaanza kuanguka, la sivyo utaokotaje, na nyoka je? Mama husafisha kwa panga na jembe. Mche mdogo haukati, anauchimba na mzizi wake, anautupa juani. Kazi ya mgongo hiyo, na mgongo wa mama si wa kuchezea tena. Kwa hiyo sikatai, msaada tulikuwa tunauhitaji.

Mashine aliinunua alipofika Masasi. Ni bomba refu la chuma, mwisho mmoja una injini ya petroli, mwisho mwingine una kisu cha duara chenye meno, na mkanda wa kuvaa begani. Mtu anatembea wima kabisa, anapeleka bomba kushoto, anarudisha kulia, na mbele yake kila kitu kinalala. Kelele zake! Kuku wa majirani walipotea mpaka jioni. Kaka alivaa miwani na buti, na watu wakaja kutazama. Sitasema uongo, ilipendeza. Kazi ya wiki nzima aliimaliza kabla jua halijapinda, na mama alisimama pembeni amejiziba pua na kanga, anacheka.

Tukarudi nyumbani kumpikia. Yaani nikikumbuka! Tulikuwa tunamchinjia kuku wakati yeye yuko kule chini anafanya aliyoyafanya.

Akarudi jioni amejaa majani kichwani. "Mama, nimekusafishia mpaka kule chini, mwisho."

Mama alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Mwisho wapi, baba?"

"Mwisho kabisa, kwa jirani."

"Jirani ulimwita?"

"Kumwita wa nini? Kwani yeye ana mashine?"

Ala! Nilitamani kumrushia huo mwiko. Kwetu mpaka hausafishwi na mtu mmoja. Unamwita jirani, mnapanga siku, yeye anasimama upande wake na wewe wako, mnashuka pamoja mmeinama, kila mmoja anaona mkono wa mwenzake unakata nini na unabakiza nini. Hata watu walionuniana wanafanya hivyo. Mtoto wa shule analijua hilo. Mtu mzima mwenye ofisi halijui!

Na mpaka wetu si ukuta wala si seng'enge. Ni mibono, miti midogo yenye utomvu, bibi yetu aliipanda na bibi wa huyo jirani, wakati wote wawili wasichana. Imesimama mmojammoja, umbali wa hatua kadhaa, kuanzia juu barabarani hadi bondeni. Wakati wa kiangazi mbono hauna jani hata moja. Unakuwa vijiti vikavu vya kijivu katikati ya vichaka, na asiyeujua anaona kuni.

Tulipofika tulikuta uwanja. Unaweza kucheza mpira. Shamba letu na la jirani yalikuwa kitu kimoja, peupe, kwa sababu bwana mkubwa hakuishia hata mpakani, alipita akafyeka na kwa watu. Suruali yake ilikuwa imejaa madoa ya utomvu wa mbono, na utomvu ule ukikauka kwenye nguo hautoki hata ufue na nini. Nilimwonyesha yale madoa. "Unajua hayo ni ya nini?" Akasema ni ya miti.

Mama alizunguka kidogo, akagusa ardhi hapa na pale kwa mguu, kisha akamwambia, "Haya, baba. Twende ukale." Mimi nilikuwa nachemka. Kwa nini hakumtolea uvivu pale pale? Mimi nikipasua sahani nasemwa mpaka Ramadhani, huyu kapoteza mpaka wa bibi, anapelekwa akale kuku!

Kaka akaondoka, mashine akatuachia.

Msimu ulipoanza tulikwenda kuokota, tukamkuta jirani chini ya mikorosho yetu. Si mmoja wala miwili, ile mistari yote ya chini, mikubwa, ndiyo inayozaa na ndiyo inayomlisha mama. Ameweka ndoo, anaokota taratibu, anatenga bibo huku na korosho huku, kama mtu aliye kwake.

"Shikamoo mama," akasema. Wala hakusimama.

"Marahaba," mama akajibu.

Nikamwambia, jirani, hapo ni kwetu. Akaniangalia na yale macho yake makavu, akasema, "Mpaka unapita wapi? Nionyeshe." Nikaangalia chini. Mabibo, majani makavu na visiki vya kila namna, vyote vimefanana. Akaendelea, "Hata kaka yako alipofyeka, huku chini alifyeka kwa kunisaidia. Nilimshukuru kwa mdomo wangu." Mungu wangu, nusura nimkwide! Mama alinishika kanga kwa nyuma.

Basi ikawa kila asubuhi hivyo hivyo. Shikamoo mama, marahaba, halafu anamwokotea mama korosho zake mbele ya macho yake. Ningeweza kumsamehe kuokota, lakini ile shikamoo!

Na sisi, kwenye mikorosho iliyobaki, tulikuwa tunaokota juu ya miiba ya kaka. Mashine inakata kifundoni, haing'oi, na kila kichaka kilikuwa kimeacha kisiki kilichochongoka. Kimoja kilimchoma mama unyayoni, kandambili na yote. Nilipomwona anachechemea nilichukua simu nikampasha kaka yangu, tena kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Nikamwambia umetupotezea mpaka, umempa mtu mikorosho, umemchoma mama mguu, na hivyo visiki vyako mvua ikinyesha vitachipua mara mbili ya mwanzo.

Akasema, "Mpaka si mtaweka mwingine? Na visiki vina dawa yake."

Nikasonya nikakata simu.

Mama alipeleka malalamiko baraza la ardhi la kijiji. Wakasema watakuja shambani waone. Wakaahirisha, mjumbe mmoja anaumwa. Wakaahirisha tena, kuna msiba. Mimi kila wakiahirisha napandwa na jazba, mama anasema sawa, hakuna haraka. Hakuna haraka! Mtu anavuna jasho lako halafu hakuna haraka! Nilianza kufikiri uzee umemlegeza.

Mvua ikaja. Nilikwenda shambani peke yangu na jembe, nipande mbaazi, nikateremka mpaka kule chini, na nilichokiona kilinikalisha. Kuanzia juu hadi bondeni, mmojammoja, umbali wa hatua kadhaa, mibono ilikuwa imechipua. Machipukizi mekundumekundu, laini, yanang'aa maji. Mstari umenyooka vile vile. Na mikorosho yetu yote upande wetu! Nilicheka peke yangu mule shambani kama kichaa.

Nikakimbia kumwambia mama. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kupepeta mtama. "Nilikuwa naingojea mvua," akasema.

"Ulikuwa unajua? Kwa nini hukuniambia?"

"Una mdomo, mwanangu. Ungesema. Na yule angekuja na jembe aing'oe mizizi yote wakati bado haijaonekana. Hata sasa usiseme. Wacha baraza wafike."

Nilinuna siku hiyo nzima, lakini nilifunga mdomo. Sikumwambia mtu. Jirani, kwa kuwa msimu ulikuwa umeisha, alikuwa hapiti tena kule. Kaka naye sikumwambia, kwa sababu kumwambia kaka ni kumwambia kila mtu aliyekaa naye kwenye basi.

Baraza wakapanga siku, na kaka akaja jioni ya kuamkia siku hiyo, maana ndiye msemaji wa familia. Safari hii hakuja na mashine. Alikuja na bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa. Sikulitilia maanani. Huku kwetu kila nyumba ina bomba la kupulizia mikorosho.

Asubuhi nikaamka, kaka hayupo, bomba halipo, na ndoo mbili za maji niliyoyateka kwa foleni ziko tupu. "Kaka yuko wapi?" Mama akasema ametangulia shambani, amesema anataka baraza wakute pasafi. Anakwenda kuviua visiki vyake.

Nilikimbia. Kanga ilinifunguka njiani nikaishika mkononi. Dumu la maji ya kunywa ambalo nilikuwa nalo tayari kwa ajili ya wageni nilikimbia nalo pia, sijui kwa nini. Nilipofika nilimwona juu karibu na barabara, bomba mgongoni, anapampu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameelekeza mpira kwenye mbono wa kwanza. Ameanzia pale pale! Kwani si ndivyo vilivyochipua vizuri kuliko vyote?

"Acha!" nilipiga ukelele. "Acha, acha, acha!"

"We vipi?"

Nilishika mkanda wa lile bomba nikaling'oa begani kwake, karibu tuanguke wote. Nikamwaga maji ya kunywa juu ya majani aliyokwisha kuyapulizia, nayaosha kwa kanga yangu, na maji kwetu yanavyopatikana Mungu ndiye anajua. Yeye amesimama ananishangaa.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Vichaka."

"Tazama vizuri. Ni nini?"

"Vichaka, mdogo wangu. Nilikuwa nakusaidia, si wewe uliyelalamika?"

"Hivi vichaka ni bibi yako!" nikamwambia. "Ndiyo mpaka wa mama. Ndiyo ushahidi pekee tulio nao leo. Ungeiua mara ya pili!"

Akageuka akatazama kule chini, mstari mzima. Nadhani ndipo alipouona.

Baraza wakafika, na mama, na jirani nyuma yao. Jirani alipoiona ile mibono uso ulimshuka, lakini hakukata tamaa. "Hii imeota yenyewe," akasema. Mwenyekiti, mtu mzima na magoti yake mabovu, akainama, akafukua majani na udongo uliosombwa na mvua kwa kijiti. Chini ya chipukizi pakatokea kisiki kizee, kinene kama mkono, kimekatwa bapa kwa kisu cha mashine. Akaenda kwenye wa pili, akainama tena. Wa tatu. Baada ya hapo hakufukua tena, alitembea tu na mstari hadi bondeni, na sisi nyuma yake. Jirani aliambiwa arudi upande wake. Korosho za msimu ule zilikuwa zimeshauzwa, na hakuna aliyezitaja.

Kabla ya kuondoka mwenyekiti akamuuliza mama, "Mama, siku wewe hupo, nani atatuonyesha mpaka huu?"

Kaka akakohoa, akaweka shati lake vizuri, akasogea mbele. Hilo ndilo swali lake kwa mila. Wajumbe wote walikuwa wanamtazama yeye.

Mama akanishika mimi mkono. "Huyu," akasema.

Ingekuwa filamu ningelia. Mimi nilikuwa bado nina hasira, na dumu tupu mkononi.

Watu walipokwisha kuondoka, kaka alibaki pale. Alikuwa amevaa ile suruali yake ya madoa, maana ndiyo ameifanya ya shamba. Akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Nionyeshe na mimi. Unaanzia wapi?"

"Inama kwanza," nikamwambia.

Akainama. Nikamtangulia kutoka mbono hadi mbono, namwambia gusa, anagusa, twende, tunakwenda. Katikati aliomba anyooshe mgongo kidogo. Nikamkatalia. Aliinama hivyo hivyo hadi bondeni, na jua lilikuwa kali.