Moshi Niliosema Nimeuona

Asubuhi za Mkolani, kwangu mimi, zilinuka oili iliyoungua. Kabla ya harufu ya chai, na kabla ya ile ya dagaa ambayo upepo uliileta kutoka upande wa ziwa, ilitangulia harufu ya lori la baba likiwashwa kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba tuliyopanga. Lilikohoa mara mbili, likatikisika, kisha wingu la bluu likatoka kwenye bomba na kujaa katikati ya mawe makubwa yaliyouzunguka uwanja ule. Wapangaji wenzetu walikuwa wameshazoea. Wanawake walianua nguo, wakarudi ndani. Mimi nilisimama nyuma ya lori, kiganja puani, nikiangalia. "Rangi gani, mayu?" baba aliuliza kutoka dirishani. Mayu ni mama kwa Kisukuma; aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Kabula. "Bluu," nilimjibu. "Umeisha?" Nilisubiri mpaka mawe ya upande wa pili yaonekane vizuri, ndipo nikasema umeisha.

Kazi ile alinipa kwa sababu dereva aliyekaa kwenye usukani haoni kinachotoka nyuma, na kwa sababu tulikuwa wawili tu. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza kuongea vizuri. Baba alinifundisha rangi za moshi kama wazazi wengine wanavyowafundisha watoto sala. Mweupe ni dizeli ambayo haijaungua, injini bado ina baridi. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, pengine chujio limeziba. Wa bluu ni oili iliyopenya mahali isipotakiwa, ikaungua pamoja na dizeli. Nikiwa darasa la nne niliweza kuzitofautisha hata jua likiwa halijachomoza sawasawa, na baba aliwaambia madereva wenzake kwamba macho ya binti yake ni kipimo tosha. Nilijivuna sana. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu marefu, yale ya moshi, kwa sababu baba hakuwa mtu wa maneno, na siku alizokuwa nyumbani zilikuwa chache.

Alipeleka saruji Kigoma na kurudi na mawese na mizigo mingine, safari ya wiki mbili, wakati mwingine tatu mvua ikiharibu barabara. Akirudi alikaa siku tatu. Siku zote nyingine nililala kwa Mama Rehema, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema mwenye watoto watano na chumba kimoja. Hakuwahi kuninyima chakula wala kunifokea. Ila watoto wake walipogombana walipigana na kupatanishwa, na mimi nilipokosea nilisamehewa haraka, kwa upole ule anaopewa mgeni. Usiku nililala pembeni ya mkeka, na nilikuwa mwangalifu nisimguse mtu.

Vuli ile lori lilianza kula oili kupita kiasi. Lilikuwa limetembea miaka mingi, na namba za kuhesabia kilometa zilikuwa zimeganda zamani, hata baba hakujua kwa hakika limekwenda umbali gani. Alikuwa akirudi na galoni tupu mbili au tatu za oili ambazo ameongeza njiani. Tajiri wa gari, mfanyabiashara mmoja wa Mkuyuni, akamwambia alipeleke kwa fundi kabla ya mzigo mwingine. Baba alinichukua twende wote, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi.

Fundi Masanja alikuwa na gereji ya mabati Mkuyuni, akifanya kazi peke yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. Alifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu kusikiliza pumzi yake. "Inapumua kidogo," alisema. "Lakini gari la umri huu lazima lipumue." Baba alisema yeye anaona ni sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke, kwa sababu moshi hutoka asubuhi tu, likishalala, kisha hukatika. "Inawezekana," fundi alisema. "Usiku oili inachuruzika taratibu kupitia sili zilizochoka, asubuhi inaungua yote kwa mara moja. Hiyo ni kazi ya siku mbili, injini siishushi. Ila moshi ukitoka hata injini ikiwa ya moto, likiwa linavuta mlimani, hapo ni ringi za pistoni, zimelika. Ringi nashusha injini. Vipuri viagizwe Dar. Utakaa hapa mwezi mzima."

Mwezi mzima. Nililisikia neno hilo kuliko maneno mengine yote.

Wakaamua kulijaribu. Fundi alitaka kukaa mbele na baba ili aangalie mshale wa presha ya oili na kusikiliza mlio. Mimi nikapandishwa nyuma, kwenye bodi tupu, nishike nondo za pembeni na kuangalia moshi. Tulizunguka mpaka injini ikapata moto, kisha baba akashika mlima na kukanyaga mafuta. Nakumbuka joto la chuma mikononi, na ziwa likitokea chini yetu kati ya mapaa ya mabati. Nakumbuka hasa kwamba nyuma ya lori hapakuwa na kitu. Hewa ilikuwa safi, niliona mpaka mwanamke aliyekuwa akivuka barabara mbali na beseni kichwani.

Tulipofika juu baba alizima, akashuka na kuja nyuma. "Haya mayu, rangi gani?"

"Bluu," nikasema.

"Kidogo au mwingi?" fundi aliuliza.

"Mwingi. Tangu tulipoanza kupanda."

Baba alinitazama kidogo, kisha akamgeukia Masanja. "Basi mimi nilikosea," alisema. Kumbe mtu anaweza kuacha anachokijua kwa miaka yote kwa neno moja la mtoto. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba atakaa.

Alikaa, na kwa siku chache nilipata nilichokitaka. Alisonga ugali mwenyewe, akanisindikiza shuleni, akanisuka vibaya mpaka mwalimu akacheka. Lakini dereva asiye na gari hana utulivu. Wiki ya pili akaanza kwenda gereji alfajiri kumsaidia fundi, na kurudi jioni amechoka, akakaa kwenye kigoda mlangoni akitazama uwanja mtupu. Nilikaa karibu yake. Nilimweleza habari za shule, akasema "ehe", nikajua hasikii. Nilikuwa nimemzuia nyumbani, na bado hakuwepo. Nilianza kula tena kwa Mama Rehema, kwa kuwa kule angalau kulikuwa na kelele.

Siku moja nilimpelekea baba chakula gereji. Injini ilikuwa chini, imefunguliwa, na Masanja alikuwa amechuchumaa juu yake na tochi. "Njoo uone," alimwambia baba. Ndani ya silinda ile mistari myembamba ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana, na ringi alizokuwa amezipanga juu ya gunia hazikuwa zimelika kwa kiasi cha kutoa moshi. Kisha akatoa sili moja ya valvu, akaibonyeza, ikavunjika kama biskuti. "Ugonjwa ulikuwa huu tu," alisema. Akanigeukia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Binti, ule moshi wa mlimani uliuona mwenyewe?"

"Niliuona," nikasema.

"Mtoto wangu hadanganyi," baba akasema. "Kama aliuona, basi ringi nazo zilikuwa na shida." Akaosha mikono kwa petroli, akafungua chakula, akaanza kula. Mimi niliangalia zile ringi juu ya gunia. Sijapata kuwa peke yangu katika maisha yangu kama nilivyokuwa dakika ile, baba yangu akiwa hatua mbili kutoka nilipo, akinitetea.

Lori liliungwa upya na halikutoa moshi tena. Lakini tajiri alikuwa ameshachoka kusubiri na mizigo ya msimu ilikuwa imempita. Akaliuza kwa mtu wa Kahama, ambaye alikuwa na dereva wake. Baba alitafuta kazi hapa Mwanza, hakupata, mwisho akaenda Dar kuendesha malori ya Zambia na Kongo. Mimi nikapelekwa Bujora kwa shangazi. Zile siku tatu kila baada ya wiki mbili zikawa wiki moja kwa mwaka, Krismasi, na miaka mingine hata hiyo haikuwepo.

Nilimwambia baba ukweli mwaka jana. Ameacha kuendesha, magoti yamemchosha, amejenga vyumba viwili Kisesa. Tulikuwa tumemaliza kula. Nilimwambia kwamba siku ile mlimani hapakuwa na moshi.

"Hapakuwa na moshi kabisa?"

"Hapakuwa, baba."

"Basi zilikuwa sili," alisema, na uso wake ukafunguka. "Nilimwambia Masanja. Nilimwambia tangu mwanzo." Akaanza kunieleza jinsi oili inavyopita kwenye valvu, kwa mikono yote miwili, kama vile sikuwahi kujua. Miaka yote ile alikuwa ameamini kwamba alikosea kuhusu gari alilolijua kuliko magari yote. Nilisubiri aniulize kwa nini nilisema vile. Jibu nilikuwa nalo tayari. Hakuuliza.

Siku hizi madereva huonana na watoto wao kwenye simu wakiwa Tunduma, na hata mimi mwanangu hunipigia nikichelewa kazini. Tulipokuwa Mkolani baba akishaondoka hakukuwa na habari yake mpaka arudi. Sasa yupo nyumbani kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, mahali pamoja, kama nilivyoomba nikiwa na miaka kumi. Mimi nina kazi mjini, na humtembelea Jumapili moja kwa mwezi, saa mbili au tatu, kisha naangalia saa.